Asiende Mikono Mitupu

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Kumbukumbu la Torati 15:12-18; 23:15-16; 24:14-15)

Kama una Biblia karibu, ifungue katika Kumbukumbu la Torati, uiweke hapo magotini, maana leo tutairudia mara kwa mara.

Ukipanda matatu kutoka kisiwani Mombasa kwenda Kisauni, ukishavuka daraja la Nyali utamsikia makanga akiita, "Kengeleni! Kengeleni kuna mtu?" Watu hushuka na vikapu vyao, huyu aenda sokoni Kongowea, yule aenda kazini Nyali. Ni wachache wanaoinua macho kuutazama mnara mdogo wenye kengele, ulioko karibu na njia. Kengele hiyo ndiyo iliyopapa mahali hapo jina. Wazee wetu hawakuitundika kwa ajili ya ibada peke yake. Ilipigwa pia kuwaonya watu kwamba hatari inakuja, kwamba wenye watumwa wako njiani kuja kuwachukua kwa nguvu.

Mahali hapo ndipo Freretown. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Unguja, na mwezi wa Juni mwaka huo Sultani akatia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza watumwa wasisafirishwe baharini. Manowari za Kiingereza zikawa zinayakamata majahazi yenye watumwa. Lakini watu hao waliookolewa wangepelekwa wapi? Makwao kulikuwa mbali, Nyasa na Uyao, na njiani walikuwako wateka watu wale wale. Ndipo chama cha wamisheni cha CMS kikanunua ardhi ng'ambo ya Mji wa Kale, na kuanzia mwaka 1875 watu hao wakakaa hapo, wakajenga, wakalima, wakasoma. James Mbotela, aliyekuwa mtoto wa mmoja wa watu hao, aliiandika habari yao katika kitabu chake *Uhuru wa Watumwa*, kilichotoka mwaka 1934.

Basi, sikilizeni vizuri hapa. Mkataba ule ulikataza biashara ya baharini. Haukumweka huru mtumwa aliyekuwa tayari nyumbani mwa bwana wake. Kisiwani, katika nyumba za Mji wa Kale, na katika mashamba ya Changamwe, Likoni na Kisauni, mtumwa aliendelea kuwa mtumwa. Yeye ndiye aliyelima mtama na kukwea minazi. Yeye ndiye aliyekuwa hamali bandarini, akipakua majahazi na kubeba magunia katika vichochoro vya mji. Wengine walitumwa na mabwana wao kutafuta kazi ya kutwa, na jioni sehemu kubwa ya ijara yao iliingia mkononi mwa bwana. Neno letu "kibarua" linatokana na kile kijibarua, kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Hata misafara ya Wazungu ya kwenda bara iliajiri wapagazi ambao wengi wao walikuwa watumwa wa watu.

Mtumwa aliyechoka alikuwa na njia moja: kutoroka. Aliitwa mtoro. Na watoro wa Mombasa waliposikia ya kwamba ng'ambo kuna watu weusi kama wao ambao hawana bwana, wakaanza kuvuka. Wengi walikwenda Rabai, ambako Krapf na Rebmann walikuwa wamefungua kituo mwaka 1846. Wengine walikwenda Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, na kiongozi wa watoro wa huko, Mkristo aliyeitwa David Koi, alikamatwa akauawa mwaka 1883.

Sasa tufungue Biblia yetu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, aya ya 15 na ya 16. Musa anawaambia Waisraeli habari ya mtumwa aliyemkimbia bwana wake akaja kwao. Wasimrudishe. Akae pamoja nao, mahali atakapopachagua mwenyewe, penye kumpendeza, wala wasimwonee.

Labda utasema, "Hilo ni jambo dogo." La, ndugu yangu, si dogo hata kidogo. Katika nchi zilizowazunguka Waisraeli sheria zilikuwa kinyume kabisa. Hamurabi, mfalme wa Babeli, aliweka sheria kwamba mtu atakayemficha mtumwa mtoro nyumbani mwake auawe. Wafalme walipofanya mapatano wao kwa wao, waliahidiana kurudishiana watoro. Torati inasema: usimrudishe. Fikiri matokeo yake. Kama mtumwa aweza kuondoka na hakuna wa kumrudisha, basi bwana hana budi kumtendea vema, maana mlango hauna komeo.

Katika kituo cha Rabai miaka ile alikuwako mchungaji mmoja Mwafrika, William Jones. Utotoni alikuwa ametekwa na kufanywa mtumwa, akaokolewa, akalelewa India katika shule ya wamisheni. Alikuja Mombasa mwaka 1864 pamoja na wenzake, kina Ishmael Semler na George David. Askofu Hannington alimbariki kuwa shemasi mwaka 1885, na Hannington alipouawa Busoga mwaka huo huo, ni Jones aliyeurudisha msafara hadi pwani. Wakubwa wa CMS walikuwa wametoa agizo ya kwamba watoro wasipokewe, kwa maana sheria ya nchi iliwahesabu kuwa mali ya watu, na wenye mji wa Mombasa walikuwa wamekasirika. Lakini watoro walifika Rabai, wakapokewa. Walijenga vibanda, wakalima makonde yao, wakaoa na kuolewa, wakasikia Neno. Tujiulize, mtu aliyekuwa mtumwa angewezaje kumfungia mtumwa mwenzake mlango?

Mwaka 1888 jambo hilo likafika kikomo. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imepewa kuitawala pwani, na mwakilishi wake, George Mackenzie, alipofika Mombasa alikuta mji unachemka. Wenye watumwa walidai watu wao. Watoro walipohesabiwa katika vituo vya wamisheni walionekana zaidi ya 1,400, na wengi zaidi walikuwa Rabai. Kuwarudisha baada ya miaka hiyo yote, na wake zao na watoto wao, ilikuwa ni kuzivunja nyumba na kuliaibisha kanisa. Kutowarudisha ilikuwa ni kuita vita. Mackenzie akapatana na wenyewe walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, watu walikusanyika Rabai, wakapewa hati zao za uhuru mmoja mmoja.

Jambo hili lanikumbusha habari iliyomo katika Talmudi, kitabu kikubwa cha walimu wa Kiyahudi. Mtumwa mmoja alitoroka kutoka nchi ya mbali akaingia nchi ya Israeli, na bwana wake akamfuata. Wakaenda mbele ya Rabi Ami. Rabi akamwambia yule bwana: mtumwa huyu atakuandikia deni la thamani yake, nawe mwandikie hati ya uhuru, usipokubali, nitamtoa mkononi mwako bila kitu, kwa sababu Torati imekataza kumrudisha. Naam, miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kabla ya siku ile ya Rabai, walimu hao walikuwa wamekwisha kukutana na shida ile ile, wakatafuta njia isiyomrudisha mtu kifungoni.

Tumshukuru Mungu kwa siku ile ya Rabai. Lakini, wapenzi wasikilizaji, tusiiache kabla ya kuuliza swali moja. Nani alilipwa?

Aliyelipwa ni bwana. Mtumwa aliyelima miaka kumi, aliyebeba magunia hadi mgongo ukapinda, alipata karatasi. Karatasi ile ilikuwa na thamani kubwa, wala siidharau. Lakini jasho lake halikuhesabiwa. Ikawa vivyo hivyo tena mwaka 1907, serikali ilipoufuta utumwa katika sheria kwenye pwani yetu. Wenye watumwa waliruhusiwa kudai fidia. Waliokuwa watumwa hawakupewa shamba wala jembe. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, na waliokuwa na ushahidi wa kumiliki wakaandikiwa mashamba. Mtu aliyelima shamba maisha yake yote kama mtumwa angeleta ushahidi gani? Akabaki akikaa juu ya ardhi ya mwingine. Shida ya maskwota katika pwani yetu, ambayo mpaka leo haijakwisha, ina mzizi wake mmoja hapo.

Sasa tusome sura ya 15, aya ya 12 hadi ya 18. Mwebrania aliyejiuza kwa sababu ya umaskini atatumika miaka sita, na mwaka wa saba atatoka huru. Je, imekwisha? Haijakwisha. Siku ya kutoka kwake, bwana asimwache aende mikono mitupu. Ampe kwa ukarimu: wanyama kutoka katika kundi lake, nafaka kutoka mahali pa kupuria, na divai kutoka shinikizoni. Na asione ni vigumu, kwa kuwa mtu huyo amemfanyia kazi ya thamani maradufu ya mtu wa mshahara.

Waona tofauti? Sisi katika historia yetu tulimlipa bwana kwa kumpoteza mtumwa. Torati inamwagiza bwana amlipe mtumwa anapokwenda zake. Kwa nini? Kwa sababu uhuru bila jembe, bila mbegu, bila mbuzi mmoja wa kuanzia, ni njia fupi ya kurudi utumwani. Njaa itamrudisha mtu pale pale alipotoka. Na Musa anataja sababu nyingine, ya ndani zaidi: mkumbuke kwamba ninyi wenyewe mlikuwa watumwa Misri. Nao Waisraeli walipotoka Misri hawakutoka mikono mitupu.

Sitaki kuwaficheni neno. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, Torati inaruhusu mtumwa wa mataifa mengine awekwe daima na kurithiwa na watoto. Aya hizo ni nzito, na wako Wakristo wenye watumwa, ng'ambo ya Atlantiki, waliozishika kwa mikono miwili ili kujihesabia haki. Tusizirarue katika Biblia, bali tusizisome peke yake. Torati hiyo hiyo, katika Kutoka 21:16, inamhukumia kifo mtu anayemwiba mtu na kumwuza. Kwa sheria hiyo hakuna hata jahazi moja la watumwa lililotia nanga pwani hii ambalo lingeponyoka hukumu. Aya ya 26 na ya 27 zinasema bwana akimpiga mtumwa wake akamharibu jicho, au akamng'oa hata jino, basi amwache huru kwa ajili ya jicho lake au jino lake. Wayahudi wenyewe waliendelea kuitafakari sheria hiyo. Mwalimu wao Musa bin Maimon, aliyefariki mwaka 1204, alifundisha ya kwamba hata pale sheria inapoonekana kumruhusu mtu kuwa mkali kwa mtumwa mgeni, njia ya uchaji ni kumhurumia, kumlisha katika kila chakula unachokula, wala kutomwaibisha kwa maneno. Walimu wa kale zaidi walisema kwa utani wenye ukweli kwamba anayemnunua mtumwa Mwebrania amejinunulia bwana, kwa kuwa hawezi kula mkate mzuri na kumpa mwenzake makapi, wala kulala juu ya godoro na kumlaza mwenzake majanini.

Na tusidhani ya kuwa ukali ulikuwa ng'ambo moja tu ya maji. Freretown yenyewe, mahali pa uhuru, ilikuwa na msimamizi Mwingereza, J. R. Streeter, aliyewachapa viboko na kuwafunga watu aliokabidhiwa. Habari zilipochunguzwa mwaka 1881, ilikuwa aibu kubwa kwa chama, naye akaondolewa. Watu walikuwa wameokolewa katika jahazi la watumwa ili waje wapigwe chini ya kengele ya kanisa! Nayasema haya si kwa kuwadharau waliotuletea Injili. Nayasema kwa sababu mtu aweza kulichukia neno "utumwa" kwa moyo wote, na huku mkono wake umeshika kiboko.

Nabii Yeremia aliliona jambo hilo Yerusalemu. Katika sura ya 34, mfalme Sedekia na wakuu wake walifanya agano la kuwaacha huru watumwa wao. Wakawaacha. Kisha hatari ilipoonekana kupungua, wakageuka, wakawatia tena utumwani. Nasi pia tulikuwa na kugeuka kwetu. Baada ya utumwa kufutwa, ilikuja sheria ya kipande, na kuanzia mwaka 1920 hivi mwanamume Mwafrika alitembea na kipande chake ndani ya kikopo cha chuma. Akiiacha kazi kabla ya muda wake alitafutwa, akashitakiwa. Alikuwa mtoro tena, ingawa hakuitwa mtumwa. Mwezi wa Januari 1947 watu wa kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waliweka kazi chini karibu majuma mawili. Walidai mshahara wa kumtosha mtu kula na kulala katika mji ambao wao ndio walioutia pumzi. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa baadaye mwaka huo akahamishwa mbali. Lakini madai yao yalikuwa yamekwisha kuandikwa zamani, katika Kumbukumbu la Torati 24:14-15: maskini wa mshahara asionewe, awe ndugu au mgeni, apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa maana ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo.

Leo sheria za Kenya zinakaribiana na maneno hayo. Katiba ya mwaka 2010 inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema ujira wa kibarua hudaiwa siku inapokwisha, na kwamba mfanyakazi apewe angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Jua na Sabato! Musa angezitambua.

Lakini mimi niwaambieni habari yangu mwenyewe. Wakati mmoja nilimwita kibarua anitengenezee ua. Alifanya kazi vizuri tangu asubuhi mpaka alasiri. Ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia, "Fedha ziko benki, baba, njoo Jumatatu." Akanitazama kidogo, akasema, "Haya, mzee," akaokota panga lake, akaenda zake kuvuka feri ya Likoni. Jumapili nikasimama mimbarani nikahubiri. Jumatatu akaja. Nilipomlipa, nikamwuliza kwa mzaha tu, "Jumapili ilikuwaje?" Akajibu bila hasira, "Watoto walilala na chai kavu." Ndugu zangu, nilikuwa na fedha mfukoni siku ile ya Jumamosi. Si zote, lakini za unga zilikuwako. Nilitaka tu nisisumbuke. Jua lilikuchwa juu ya ujira wa mtu, nami nikala nikashiba.

Basi na wewe, msikilizaji, jichunguze. Yule binti anayekulelea watoto, ambaye mnamwacha nyumbani kila Jumapili ninyi mkienda kanisani, siku yake ya Bwana ni lini? Amri ya nne imemtaja mtumishi wa kiume na wa kike kwa jina la kazi yao. Anakula wapi, na anakula nini? Na siku atakapoondoka, baada ya miaka mitano ya kufua nguo zako, ataondoka na nini? Mfuko wa nailoni na nauli ya basi? Mwanao akienda Ghuba kufanya kazi ya nyumbani, kisha akapiga simu usiku akilia kwamba pasipoti yake imefungiwa kabatini na mshahara haujaonekana, wewe hulia na kumwita Mungu. Ni vema. Lakini je, kitambulisho cha binti wa jikoni kwako kimefungiwa kabati gani?

Na yule anayekuja kubisha hodi usiku, amemkimbia tajiri wake, ana alama ya pasi ya moto mkononi, usianze kwa kumwuliza karatasi. Mkaribishe kwanza. Mpe maji. Watu wa Rabai walikwisha kutufundisha.

Ukipita tena Kengeleni, inua macho. Kengele ile sasa iko kimya, lakini sisi bado twahitaji kuonywa, maana hatari aliyoionya haikuvuka maji yote. Nyingine hukaa sebuleni mwetu.

Tuombe. Ee Mungu, uliyewatoa baba zetu katika nyumba ya utumwa, tusamehe ujira tulioukawiza na jasho tulilolidharau. Tufundishe kufungua mkono kabla jua halijachwa. Mtu yeyote aliyetutumikia asitoke mlangoni mwetu mikono mitupu. Kwa jina la Yesu, aliyetwaa namna ya mtumwa kwa ajili yetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo Bwana akipenda.